Fizikia ya Mpemba: Swali la Magamba na Wanafizikia wa Taifa

Watu wengi wanapolisikia neno fizikia hufikiria mambo yaliyo mbali nao: mitambo mikubwa ya nchi za viwanda, vyombo vya anga za juu, au vitabu vinene vilivyojaa kanuni zenye majina ya kigeni. Ni wachache wanaofikiria sinia la aiskrimu. Hata hivyo, swali mojawapo la fizikia linalojadiliwa hadi leo katika vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na Asia lilizaliwa ndani ya jokofu la shule ya sekondari katika milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga, mwaka 1963, na likapata ushahidi wake wa pili kwa watengenezaji wa aiskrimu wa mji wa Tanga. Swali hilo limepewa jina la mwanafunzi aliyeliuliza, Erasto Mpemba. Kwa watu wa pwani neno hilo humaanisha mwenyeji wa kisiwa cha Pemba, kilicho mkabala na Tanga. Lakini kwa wanafizikia wa dunia nzima ni jina la tabia ya ajabu ya maji: kwamba katika hali fulani maji ya moto huweza kuganda mapema kuliko maji ya baridi.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha mwanafunzi aliyewashinda walimu wake. Kikitazamwa kwa makini ni zaidi ya hapo. Ndani yake mna historia fupi ya wanafizikia wa taifa changa: walitoka wapi, walikuwa wangapi, walimsikiliza nani, na karibu wampuuze nani.

SAYANSI ILIYOFIKA PWANI

Elimu ya kupima na kulinganisha si ngeni katika pwani ya kaskazini. Manahodha na wavuvi wa Moa, Tanga na Pangani walijua tangu zamani majira ya kaskazi na kusi, na walihesabu umri wa mwezi ili kujua siku za bamvua na siku za maji mafu. Elimu hiyo ilirithishwa kwa mdomo na kwa kazi. Haikuitwa fizikia, wala haikuingizwa katika mitihani.

Sayansi ya vitabu ilifika pamoja na utawala wa kigeni. Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1893 wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, ambayo ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka 1902 wakaanzisha Taasisi ya Amani katika Usambara ya Mashariki kwa ajili ya uchunguzi wa mimea na kilimo. Katika shughuli zote hizo Mwafrika alihitajiwa kama karani, fundi au kibarua. Maswali ya kuchunguza yalitungwa na wengine, na majibu yalichapishwa katika lugha za wengine.

Utawala wa Waingereza haukubadili sana hali hiyo. Kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada ya sayansi ilimlazimu kwenda Makerere, Uganda, au kuvuka bahari. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Na Kitivo cha Sayansi kikaanzishwa mwaka 1965. Maana yake ni kwamba mwaka 1963, wakati mwanafunzi wa Magamba alipolifungua jokofu, Tanganyika haikuwa na idara hata moja ya fizikia ya chuo kikuu. Swali lilikuwapo kabla ya idara ya kulichunguza.

SIKU MOJA HUKO MAGAMBA

Magamba iko juu ya mji wa Lushoto, katika Usambara ya Magharibi, mahali penye ukungu na baridi. Wanafunzi wa shule ya sekondari ya hapo walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika sehemu ya kugandishia ya jokofu. Wanafunzi walikuwa wengi na nafasi chache, kwa hiyo kila mmoja alikimbilia sinia.

Siku moja Mpemba, wakati huo akiwa kidato cha tatu, alikuwa akichemsha maziwa yake. Mwenzake mmoja alipoona hivyo aliogopa kukosa nafasi. Akachanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha na kuyawahisha katika jokofu. Mpemba akaona kwamba akingoja maziwa yapoe, sinia la mwisho litachukuliwa. Akaamua kuyaingiza yakiwa ya moto, ingawa wanafunzi walionywa kuwa kitu cha moto huharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu wote wawili walikwenda kutazama. Maziwa ya moto yalikuwa yamekwisha kuwa aiskrimu. Maziwa ya baridi yalikuwa bado ni uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya jambo hilo, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwa kuwa jambo la namna hiyo haliwezekani. Kijana akalikubali jibu hilo. Ilikuwa kawaida ya mwanafunzi wa siku zile, na pengine hata wa siku hizi, kuamini kuwa penye hitilafu kati ya jicho lake na neno la mwalimu, jicho ndilo lililokosea.

USHAHIDI WA MJI WA TANGA

Jambo hilo lingeishia hapo kama Mpemba asingefika mjini Tanga. Huko alizungumza na rafiki aliyejipatia riziki kwa kutengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamweleza bila kusita kwamba wao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande haraka. Mpemba akaulizia kwa watengenezaji wengine wa mjini akakuta nao hufanya vivyo hivyo.

Hapana budi kulitafakari jambo hili. Katika mji wenye joto kama Tanga, mwuza aiskrimu anashindana na saa: anayegandisha mapema ndiye anayeuza mapema. Mafundi wale hawakuwa na haja ya kuijua kanuni yoyote. Walikuwa na haja ya kujua njia inayofaa, na walikwisha kuitambua kwa kazi yao. Lakini kati ya ujuzi wao na darasa la fizikia hapakuwa na daraja. Shule ilifundisha kwa Kiingereza mambo yaliyokwisha kuthibitishwa kwingineko. Mji ulizungumza Kiswahili na kufanya majaribio yake kila siku bila kuyaandika. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyepita akitoka upande mmoja kwenda upande wa pili.

KICHEKO CHA DARASA

Baada ya kufaulu mtihani wa kidato cha nne, Mpemba alichaguliwa kwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya kidato cha tano na cha sita. Mada mojawapo ya kwanza ilikuwa joto, na ndani yake Kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mpemba akauliza tena swali lake, na jibu likawa lile lile, kwamba amechanganyikiwa. Alipoendelea kudai kuwa ameona kwa macho yake, aliambiwa kwa kejeli kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu wenzake walimtania kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Si haki kudhani kwamba walimu wale walikuwa wajinga. Hoja yao ilikuwa na nguvu, na msomaji anaweza kuipima kwa mfano wa barabara. Tuseme mabasi mawili yanaondoka saa moja asubuhi kwenda Tanga, moja likitoka Lushoto na jingine Mombo. Basi la Lushoto ni lazima lishuke hadi Mombo kwanza, na litakapofika hapo lile la pili litakuwa limekwisha kwenda mbali. Ikiwa kuanzia Mombo yote mawili huenda kwa mwendo mmoja, basi la Lushoto haliwezi kufika Tanga mapema. Vivyo hivyo, maji yenye nyuzi 90 za Sentigredi ni lazima yapite nyuzi 30 kabla ya kufika sifuri. Yatakapofika nyuzi 30 yatakuwa sawa na yale mengine yalivyokuwa mwanzoni, ila yamechelewa. Basi yatawezaje kutangulia?

Kosa halimo katika hesabu hiyo. Limo katika neno “sawa”. Huenda basi la Lushoto liliteremsha mizigo njiani, na likapita Korogwe na Muheza bila kusimama, huku lile la Mombo likisimama kila kituo. Mabasi mawili yanaweza kupita mahali pamoja yakiwa hayako katika hali moja. Na maji mawili yanaweza kuonyesha kipimo kimoja cha joto yakiwa yametofautiana kwa uzito, kwa hewa iliyoyeyuka ndani yake, au kwa jinsi joto lilivyogawanyika kati ya juu na chini. Hoja ya darasani ilichukulia kwamba halijoto peke yake inaeleza kila kitu kuhusu maji. Hilo halikuwa limejaribiwa na yeyote kati ya waliocheka.

SWALI LINAFIKA MLIMANI

Mpemba hakunyamaza. Alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka katika jokofu la maabara. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Muda fulani baadaye shule ilitembelewa na Daktari Denis Osborne, mhadhiri Mwingereza wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alizungumza na wanafunzi na kuwapa nafasi ya kuuliza. Mpemba akasimama, akauliza kwa nini bika ya maji yenye nyuzi 100 huganda kabla ya bika ya maji yenye nyuzi 35, iwapo ujazo ni mmoja na zimewekwa pamoja katika jokofu. Wenzake waliona kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne alimtaka arudie swali, akamwuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo. Alipojibiwa ndiyo, alisema kwamba hajui sababu, na akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliona mwanafunzi huyo amekosea, ila aliona pia si vema kumkatisha tamaa kijana anayeuliza. Aliporudi Mlimani alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kweli. Akaongeza kwamba watalirudia jaribio mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Maneno hayo yanachekesha, lakini yanafundisha: hata maabarani mtu huweza kuamua jibu kabla ya kupima.

Jaribio likarudiwa, na matokeo yakaendelea kuwa yale yale. Ndipo uchunguzi wa utaratibu ukaanza. Sentimeta 70 za ujazo wa maji zilitiwa katika bika za sentimeta 100, na bika zikawekwa juu ya kipande cha polistirini ili zisigusane na chuma cha jokofu. Maji yalianzishwa katika halijoto mbalimbali, na muda uliopita kabla ya barafu ya kwanza kuonekana ukapimwa. Ilionekana kwamba muda mrefu kuliko wote ulikuwa wa maji yaliyoanza karibu na nyuzi 25; yale yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yalianza kuganda mapema zaidi. Uso wa maji ulipofunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta, kuganda kulichelewa sana, ishara kwamba joto jingi hutokea juu ya maji na si pembeni wala chini.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza, kwa majina ya E. B. Mpemba na D. G. Osborne. Sehemu ya kwanza ya makala ni masimulizi ya Mpemba mwenyewe kuhusu maziwa, jokofu na kicheko cha darasa. Sehemu ya pili ni vipimo vya Osborne. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi.

JOTO HUTOKAJE?

Sababu kadhaa zimependekezwa, na kila mojawapo inafaa kujadiliwa darasani.

Ya kwanza ni mvuke. Gramu moja ya maji inapogeuka mvuke huchukua joto linalotosha kupoza gramu zaidi ya 500 za maji kwa nyuzi moja. Maji ya moto hutoa mvuke mwingi, hivyo hupoteza joto na pia hupungua uzito. Laiti maji ya nyuzi 100 yangepoa hadi sifuri kwa njia ya mvuke peke yake, karibu sehemu moja kwa sita ya maji hayo ingetoweka. Mpemba na Osborne waliona, hata hivyo, kwamba upungufu wa maji katika bika zao haukutosha kueleza tofauti yote.

Ya pili ni mzunguko wa maji ndani ya chombo. Maji yenye joto huwa mepesi na kupanda juu; yaliyopoa huwa mazito na kushuka. Chombo kilichoanza kikiwa cha moto huwa na mzunguko wa nguvu unaoendelea kuleta joto kwenye uso, na kwenye uso ndiko joto linakotokea. Osborne aliiona hii kuwa sababu yenye uzito katika vyombo vyake.

Ya tatu ni hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, ambayo hupungua maji yanapochemshwa. Katika majaribio ya Dar es Salaam yalitumiwa maji yaliyochemshwa karibuni, na tofauti iliendelea kuonekana.

Ya nne ni kupoa kupita kiwango. Maji safi yaliyotulia huweza kushuka chini ya sifuri yakiwa bado maji, mpaka kitu fulani kiyaanzishe kuganda. Mwaka 1995 mwanafizikia David Auerbach alionyesha kuwa tofauti katika kupoa huko inaweza kuamua ni chombo kipi kitangulie.

Ya tano inahusu majokofu ya zamani, ambayo hujaa barafu ndani. Sinia la moto huyeyusha barafu iliyo chini yake na kugusana vizuri na chuma baridi. Sinia la baridi hubaki juu ya tabaka la barafu linalozuia joto. Yamkini jambo hili liliwasaidia watengenezaji wa aiskrimu. Kipande cha polistirini kiliwekwa chini ya bika za Dar es Salaam ili kuiondoa sababu hii katika hesabu.

DUNIA INAJADILI

Baadaye ilikumbukwa kwamba jambo hilo lilikwisha kutajwa zamani. Aristotle wa Ugiriki aliliandika katika karne ya nne kabla ya Kristo. Francis Bacon alilitaja mwaka 1620 na René Descartes mwaka 1637. Kisha elimu mpya ya joto ilipokamilika, likasahauliwa kwa sababu halikupatana na hesabu rahisi ya vitabuni. Mwaka ule ule wa 1969 mtaalamu G. S. Kell wa Canada alichapisha makala juu ya jambo hilo hilo bila kujua habari za Tanzania, akieleza kuwa huko kwao ni imani ya watu wa kawaida. Kwa hiyo wananchi wa nchi ya theluji na wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na ujuzi mmoja.

Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kulieleza jambo hilo, na maelezo zaidi ya 22,000 yakapokelewa. Mshindi aliyetangazwa mwaka 2013 alikuwa Nikola Bregović wa Chuo Kikuu cha Zagreb. Lakini mjadala haukwisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha uchunguzi wa makini uliohitimisha kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha wa maji ya moto kupoa hadi sifuri mapema zaidi. Walionyesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimeta moja tu ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo ya kupotosha.

Wakati wengine wakitilia shaka habari ya maji, wengine wameipeleka fikra hiyo mbali zaidi. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walitoa nadharia inayoeleza namna kitu chenye joto zaidi kinavyoweza kupata njia fupi ya kufikia utulivu. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada waliionyesha waziwazi kwa kutumia chembe ndogo mno za kioo ndani ya maji. Tangu wakati huo wanafizikia wameitafuta tabia hiyo hata katika mifumo midogo inayotii kanuni za kwanta, na mwaka 2024 majaribio ya aina hiyo yalichapishwa. Katika makala hizo jina la Mpemba hutajwa. Neno lililotumika kumdhihaki kijana darasani, fizikia ya Mpemba, limekuwa tawi la utafiti.

WANAFIZIKIA WA TAIFA NI AKINA NANI?

Tangu siku zile taifa limejijengea vyombo vyake. Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi liliundwa kwa sheria ya mwaka 1968, na nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea mwaka 1970. Sheria ya kinga dhidi ya mionzi ilipitishwa mwaka 1983, na kwa sheria ya mwaka 2003 ikapatikana Tume ya Nguvu za Atomiki. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, ili mambo haya yaweze kuzungumzwa kwa lugha ya wananchi. Katika pwani ya kaskazini kwenyewe, kila mtambo wa umeme wa Mto Pangani, tangu ule wa Hale wa megawati 21 uliokamilika mwaka 1964 hadi ule mpya wa Maporomoko ya Pangani wa megawati 68 uliokamilika mwaka 1995, ni kazi ya fizikia inayowasha taa za nyumba na majokofu ya wauza vinywaji.

Lakini vyombo peke yake havifanyi jamii ya wanafizikia. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia kwa kazi. Alikuwa mtaalamu wa wanyamapori. Fundi wa maabara aliyepima kwa mara ya kwanza hatajwi katika mijadala ya leo. Watengenezaji wa aiskrimu wa Tanga hawakupata kuulizwa tena. Hata hivyo, ukimwondoa mmoja wao katika kisa hiki, kisa chenyewe kinakatika. Bila wauza aiskrimu, Mpemba angeendelea kuamini kuwa alichanganyikiwa. Bila Mpemba, ujuzi wao usingefika chuoni. Bila mhadhiri aliyekubali kusema “sijui”, swali lingekufa darasani kwa mara ya tatu.

Katika nchi yenye wataalamu wachache, mwalimu wa sekondari ndiye mlango. Maswali ya shamba la mkonge, ya gereji, ya jikoni na ya mashua humfikia yeye kwanza, kupitia midomo ya wanafunzi. Akiufunga mlango, hakuna idara wala tume itakayojua kwamba kulikuwa na swali.

JARIBIO LA KUFANYIWA SHULENI

Shule yenye jokofu na vipimajoto inaweza kulichunguza jambo hili yenyewe.

1. Chukua vikombe vinne vya plastiki au chuma vinavyofanana. Usitumie kioo chembamba, kwa kuwa huweza kupasuka.

2. Pima ujazo ulio sawa wa maji ya chanzo kimoja kwa kila kikombe. Halijoto za kuanzia ziwe, kwa mfano, nyuzi 20, 40, 60 na 80. Mwalimu amimine maji ya moto mwenyewe.

3. Weka vikombe juu ya ubao au polistirini, vikiwa mbali sawa na kuta za jokofu.

4. Kabla ya kuanza, kubalianeni maana ya “kuganda”: je, ni barafu ya kwanza kuonekana, au maji yote kuwa magumu? Majibu ya maswali haya mawili huweza kutofautiana.

5. Soma kila baada ya dakika kumi, kipimajoto kikiwa katika kina kile kile. Pima uzito wa kila kikombe kabla na baada.

6. Badilisha nafasi za vikombe na urudie angalau mara tano. Andika matokeo yote, hata yasiyopendeza.

Darasa jingine litaona maji ya moto yakitangulia, na darasa jingine halitaona. Yote mawili ni matokeo halali, ilimradi vipimo viwe vya kweli. Kazi ya mwanafunzi ni kutafuta kilichotofautiana, si kumpendeza mwalimu kwa jibu la kitabuni.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa fizikia inafaa kuongeza kwamba kujibu bila kupima huweza kuwa ujinga, hata kwa aliyesoma sana. Mwanafunzi atakayesimama kesho katika darasa la Lushoto, Pangani au Muheza na kueleza jambo aliloliona nyumbani lisilopatana na kitabu, anastahili kuulizwa lile swali aliloulizwa Mpemba na mgeni wake: je, umelijaribu? Na akijibu ndiyo, jokofu lifunguliwe.